Vidonge Viwili vya Mama

Kazi yangu ni kutibu mifugo, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyonipotosha. Nimezunguka miaka mingi kwa wafugaji na utepe wa kupimia. Unauzungusha kifuani mwa ng'ombe, unasoma uzito, unavuta dawa kwenye bomba la sindano, unachoma. Uzito mmoja, dozi moja. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni Mpwapwa, na sikuwahi kuona sababu ya kubisha.

Wakati wa chuo nilikaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama anayemfuata. Alinilisha ugali wa uwele na mlenda, akanikaripia kuliko hata mama mwenyewe. Wale wawili walifanana mno, wajukuu walikuwa wakiwachanganya. Khanga wakinunua doti moja, kila mmoja alichukua kipande chake.

Mama ninaishi naye Chang'ombe. Damu ilipomganda mguuni, kliniki ilimpima mara nyingi mpaka ikatulia kwenye vidonge viwili kila jioni, vya kuzuia damu kuganda. Mwaka uliofuata mama mdogo naye akavimba mguu. Hospitali ya Dodoma ikamwanzishia kidonge kimoja, ikamwambia arudi baada ya wiki moja apimwe.

Hakurudi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na shamba lilikuwa halijapandwa. Nilipokwenda Mpwapwa kumwona, alilalamika kwamba mguu bado mzito, akataka kujua kwa nini dada yake anameza viwili na yeye anabaniwa kimoja. Nilipaswa kumpandisha basi siku ileile nimpeleke kliniki. Badala yake nikajifanya mjuaji. Nikamtazama kwa jicho la kazini, nikamkadiria uzito.

“Wewe na mama mna mwili uleule na mmetoka tumbo moja,” nikamwambia. “Meza viwili kama yeye.”

Akacheka, akasema hii ndiyo faida ya kusomesha mtoto. Niliporudi nyumbani, mama mwenyewe alitoa sehemu ya vidonge vyake nimtumie mdogo wake ili asipungukiwe.

Haikupita wiki mbili fizi za mama mdogo zikaanza kutoa damu. Hakuniambia, alidhani ni mswaki mpya. Kisha asubuhi moja akashika kichwa, akaanguka jikoni, na alikuwa ameshafariki walipomfikisha hospitali. Walisema damu ilivujia kwenye ubongo.

Nilimsimulia yote daktari wa kliniki ya mama. Ni binti mdogo kabisa, na aliniamkia shikamoo kabla ya kuniumiza. Alisema mama mdogo hakupimwa vinasaba, kwa hiyo hawezi kuapa, lakini anadhani anajua kilichotokea. Kuna jeni linalotengeneza kitu ambacho dawa hii hukizuia. Ndugu wawili wanaweza kuwa na jeni lilelile kabisa. Tofauti ikawa pembeni yake, herufi moja tu, kwenye sehemu isiyotengeneza chochote ila inaamua jeni lifanye kazi kwa kiasi gani. Ambaye jeni lake linafanya kazi kidogo hutoshwa na dawa kidogo. Ukimpa ya mwenzake, damu inakosa kuganda kabisa. Ndiyo maana wanapima damu kila wiki mwanzoni, alisema, hawakadirii kwa macho.

Chuoni tulifundishwa kwamba sehemu hizo za pembeni ni takataka. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata vema.

Msiba mzima mama alikuwa akiwaambia waombolezaji kwamba amemuua mdogo wake kwa dawa yake. Mimi nilikaa nao mkekani kimya. Nilikuwa mwoga, hakuna neno jingine. Baada ya kuanua matanga nilimkalisha nikamwambia kwamba ni mimi niliyetoa ile dozi, na nikamweleza alivyosema daktari. Nilitegemea atanifukuza, na ningeshukuru. Aliipapasa khanga yake.

“Kumbe tulikuwa hatufanani,” akasema.

Hajalizungumza tena. Ila jioni nikimpa vidonge vyake viwili, anavishika kiganjani na kuniuliza kama kweli ni vyake. Namjibu kwamba ni vyake. Hamezi mpaka nimletee kadi ya kliniki aione mwenyewe.