Shikamoo, Halafu Ngumi

Darasani tuliulizwa kama michezo ya kupigana ina faida yoyote kwa jamii. Nikanyoosha mkono, nikasema ina faida kubwa kwa wauza plasta. Darasa likacheka, mwalimu akaniambia nikae. Nikakaa, nikageukia dirishani, nikaondoka huku mwili umebaki kwenye dawati.

Nilirudi mchangani Ujiji, jioni ile ambayo milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilikuwa imefifia mpaka ikawa kama moshi wa jiko la mtu mwingine. Pale, kando ya dagaa walioanikwa, vijana hupigana ngumi. Glovu ni za kupokezana na zinanuka samaki. Kengele ni mfuniko wa sufuria, na kocha ni fundi baiskeli.

Kaka yangu alikuwa amefeli chuo, akarudi nyumbani, sauti akaiacha huko huko. Alijibu kwa nyusi. Zikipanda, ndiyo, zikishuka, hapana. Tuliishi naye kama televisheni iliyozimwa sauti. Shikamoo zangu zilikuwa zinaanguka sakafuni. Kila asubuhi mama alisimama mlangoni kwake, akamwuliza ameamkaje, akasubiri kidogo, kisha akaenda kuwasha moto. Mzaha ndiyo kazi yangu, lakini ule mgongo wa mama akiondoka pale mlangoni sikuwahi kuupatia mzaha.

Mchangani ndiko alikokwenda kwa hiari. Alipiga kimya kimya, kama mtu anayefua nguo. Jioni hiyo mpinzani wake hakutokea, kocha akauliza nani anaingia. Nikaingia mimi, na huu wembamba wangu.

"Dogo, una bima?" akauliza kijana mmoja pembeni.

"Nina mama," nikasema.

Mfuniko ukalia. Ngumi ya kwanza ilinikuta sikioni, dunia ikazama chini ya maji. Mawimbi yalikuwa yanapiga ndani ya kichwa changu. Mchanga uliruka polepole, ukakaa hewani, uking'aa kama umeamua kutorudi chini. Kaka alikuwa ananijia kutoka mbali sana, ingawa alikuwa hapo hapo. Nikaiona ngumi yake nyingine ikipanda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akajibu, na mikono ikamshuka.

Nyumbani alikuwa na muda wa kuikataa salamu. Hapa hakuwa nao, malezi yakamtangulia. Nami nikampiga puani.

Kaka akajigusa pua, akaitazama damu kama kitu alichokipoteza zamani.

"Mshenzi wewe. Unamsalimia mtu halafu unampiga?"

Kisha akacheka, kicheko kikavu, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa.

"Hiyo ni faulo," kocha akasema.

"Ngumi au salamu?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Salamu."

Mwalimu bado anasubiri jibu la maana. Siwezi kumwambia ngumi ni dawa. Sikio langu linavuma mpaka leo, na kuna wengine pale mchangani wamepigwa miaka na hawajapona chochote. Ninachokijua ni asubuhi iliyofuata tu. Mama alisimama mlangoni, akauliza ameamkaje, akasubiri.

"Salama, mama," ikatoka sauti iliyoziba. "Ila pua."

Mama hakwenda kuwasha moto. Alikaa pale kizingitini, akaanza kumwuliza habari za pua, na siku hiyo chai ilichelewa sana.