Nilimwambia Dada Kuwa Mwalimu Ameruhusu

Jumatatu ya kwanza baada ya Idi ya mfungo nilimzika dada yangu mkubwa, Mwasiti. Watu wanasema ameuawa na homa. Mimi najua kilichomlaza kabla ya homa, na aliyekileta ni mimi.

Jina langu sitalitaja, na majina ya wengine nimeyabadili. Skuli nilisoma kidogo tu, ya kutosha kuandika hivi. Wewe unayesoma nivumilie, sina mwingine wa kumweleza.

Jumbe wetu wa upande wa Sindeni alipofariki, akida, mkubwa wa majumbe, alikuja na neno kutoka boma la Handeni. Alisema safari hii watu wenyewe watamchagua jumbe. Kila nyumba iliyolipa kodi itoe mtu mmoja, asimame nyuma ya yule anayemtaka, wahesabiwe. Mzee mmoja akauliza, “Na wajane wenye nyumba zao?” Akida akacheka, akasema, “Kodi si wamelipa? Basi na wao.”

Waliotaka ujumbe walikuwa wawili, Mzee Mhina na Semboja. Semboja alikuwa msaidizi wa jumbe aliyekufa. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalipotaka watu, yeye ndiye aliyechagua nani aende, na alianza daima na vijana wa wajane, kwa sababu hawakuwa na baba wa kuwasemea. Mimi mwenyewe nilipelekwa. Najua mkonge unavyochoma.

Basi wajane walitaka kusimama. Lakini wangefikaje? Wengine hawaoni, wengine miguu imekwisha, na kijito kilikuwa kimejaa mvua. Tena ulipita uvumi kwamba atakayehesabiwa atapelekwa kazi ya reli. Sisi vijana tuliozoea kubeba jeneza pamoja tukasema, kama tunawabeba wafu, tutashindwaje na walio hai? Tulifunga miti kwenye kitanda cha kamba, tukapita nyumba kwa nyumba tukieleza watu na kuwaondoa hofu. Hakuna aliyetutuma.

Siku ya kuhesabiwa ilikuwa na vicheko vyake. Bibi Chausiku tulimvusha kijito amelala kitandani, akawa anapiga kelele.

“Taratibu, wajukuu! Mnanibeba kama maiti na roho ningali nayo!”

“Tukuimbie, bibi?”

“Imbeni, lakini isiwe ile ya makaburini!”

Laiti ningeishia hapo kwa Bibi Chausiku!

Dada yangu alikuwa kwenye eda. Mumewe alikuwa amefariki karibuni, naye alikaa ndani na mwanawe Zena, mtoto wa kike ambaye meno ya mbele yalikuwa yanaanza kung'oka. Shemeji yake, Bakari wa Mazingara, aliitaka ile nyumba ya marehemu ndugu yake, akamtaka na mjane. Semboja alikuwa rafiki yake, na kila mtu alijua Semboja akiwa jumbe, Bakari atapewa nyumba. Kwa hiyo Mwasiti alitaka kusimama kuliko mjane yeyote. Lakini alimcha Mungu.

Alinisemesha kutoka nyuma ya mlango siku moja kabla ya hilo baraza la kuhesabiwa.

“Mdogo wangu, nenda kamwulize mwalimu. Akisema nitoke, nitatoka nimejifunika. Akisema nikae, nitakaa, na nyumba iende.”

“Na mimi nikikwambia toka?”

“Wewe nimekubeba mgongoni. Utanipa fatuwa wewe?” Akacheka kidogo. “Nenda kwa mwalimu.”

Nikaondoka. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani anakaa ng'ambo ya kilima, na njia ilikuwa tope tupu. Nilifika kwa rafiki yangu katikati ya njia, nikakaribishwa mihogo ya kuchoma. Nilikula. Nilikaa. Nilijiambia kwamba mwalimu ni mtu mgumu, atakataa tu, na akikataa dada atapoteza nyumba. Nilijiambia pia kwamba nimechoka. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini nikisema ukweli wote, uchovu ndio uliotangulia.

Nikarudi, nikamwambia dada, “Mwalimu ameruhusu.”

“Amesemaje?”

“Amesema ni dharura.”

“Alhamdulillahi,” akasema. Hata hakuniuliza mara ya pili. Ndilo linalonila mpaka leo, jamani! Kwamba hakuniuliza mara ya pili!

Tulimbeba kesho yake, kitanda kimezungushiwa kaniki nyeusi asionekane. Alisimama nyuma ya Mzee Mhina, ameinamisha kichwa, hakusema neno na mtu. Na unajua nini? Mzee Mhina alishinda kwa wingi kabisa. Hata dada yangu asingekuja, mzee bado angeshinda! Watu wa Semboja walikuwa wachache, mtu angejua bila kuhesabu.

Semboja hakukubali. Alikwenda kwa akida kulalamika kwamba wale wanaobeba vitanda wamewaleta wajane kwa hila. Akida akasema atasikiliza, na likipatikana jambo la hila baraza litarudiwa.

Siku chache baadaye Bakari akaja nyumbani kwa dada na wazee wa Mazingara, akamwita na mwalimu. Mimi nilikuwa nakwenda huko, Mzee Mhina akanishika mkono njiani. Nilimwambia nilichofanya. Akasema, “Mwanangu, ukisema umemdanganya mmoja, watasema mmewadanganya wote. Semboja atarudi, na wenzako watarudi mkonge. Nyamaza kwanza. Mambo yakitulia utasema.”

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alinipa nilichokuwa natafuta.

Tulikaa uani. Mwasiti alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na Zena miguuni pake.

Bakari akaanza. “Mke wa marehemu ndugu yangu ametoka nje angali kwenye eda, akasimama mbele ya wanaume. Kwa ruhusa ya nani?”

Sauti ya dada ikatoka, nzima kabisa, bila hofu. “Kwa ruhusa ya mwalimu.”

Wote wakamgeukia mwalimu. Mwalimu akavuta ndevu zake.

“Mimi? Mimi sijaulizwa na mtu, wala sijamruhusu mtu.”

Nilikuwa nimekaa karibu na pazia. Nilisikia pumzi yake. Nilijua anangoja, naye alijua nimekaa pale. Nikatazama mkeka. Nikasema moyoni, sasa nitasema, sasa hivi. Nikisema, wenzangu mkonge. Nisiposema, dada yangu mwongo. Nikaendelea kutazama mkeka!

Angeweza kunitaja. Neno moja tu: ni huyu hapa.

Akasema, “Basi nimekosa mimi. Nisameheni.”

Bakari akasimama. Alisema mwanamke anayemsingizia mwalimu wa dini hawezi kulea damu yao. Wazee wake wakaafiki. Walimchukua Zena mchana uleule. Mtoto alilia mpaka sauti ikafifia njiani, na mama yake hakuweza hata kumfuata nje, kwa sababu alikuwa kwenye eda.

Nyumba ilibaki kwa dada. Mzee Mhina alihakikisha hivyo. Nyumba tupu!

Siku za eda zikaisha na Mwasiti hakutoka. Wanawake waliacha kuja kwake kuomba moto. Kisimani wakawa wanamwita yule aliyemsingizia mwalimu. Nilimpelekea mahindi, nilimpelekea kuni, na kila nikienda aliniuliza jambo lilelile.

“Umeshamwambia mwalimu?”

“Bado, dada. Akida bado hajamaliza lile shauri.”

“Haya.”

Hakunigombeza. Alipokea mahindi, akafunga mlango. Mara ya mwisho aliuliza, “Zena umemwona?” Nikasema sijamwona. Nilikuwa nimeogopa kufika Mazingara. Akida alikuwa amekwisha kulifunga shauri la Semboja, nilikuwa na habari hiyo mfukoni siku nyingi, na bado sikusema! Kwanza nilinyamaza kwa ajili ya wenzangu. Baadaye nilinyamaza kwa aibu ya kuwa nilinyamaza. Ukishaingia humo huuoni mlango.

Homa ikamkuta kwenye mfungo. Sikuwapo alipokata roho.

Baada ya kuzika nilimfuata mwalimu, nikamwambia yote palepale. Nilingoja anipige. Akakaa chini kwenye nyasi, mtu mzima yule.

“Kwa nini hukufika siku ile?”

“Nilidhani utakataa, mwalimu.”

“Kutoka ningemkataza, kweli. Lakini akida alilala kwangu usiku ule. Ningemwambia apite mlangoni kwa mjane amsikie mwenyewe anamtaka nani, na angepita. Ni njia yake.”

Basi nyinyi mnaowasaidia watu, mnaowavusha mito na kuwapeleka mahali pa kusema neno lao, nisikilizeni. Akikuambia ukaulize, nenda ukaulize. Jibu likiwa baya, mpe hilo hilo baya, ni lake. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, ungali na wa kumwambia. Mimi nilimbeba dada yangu mpaka barazani, nikadhani nimemsaidia.

Juzi nilikwenda Mazingara pamoja na mwalimu. Bakari alitukaribisha, akatupa vigoda. Nilimwomba awaite wazee wake na majirani, na Zena pia. Nikasimama mbele yao.

“Marehemu hakusema uongo,” nikasema. “Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu ameruhusu. Sikuwa nimekwenda kwa mwalimu. Siku mliyokuja nilikuwapo, nikanyamaza.”

Mwalimu akasema, “Ni kweli. Na mimi namwomba radhi marehemu.”

Bakari alichora chini kwa kijiti. Kisha akaniuliza, “Umekuja na maneno tu, au umekuja kumchukua mtoto?”

“Yote mawili, shemeji.”

“Maneno nimeyapokea, na watu wameyasikia. Mtoto haendi. Ungempeleka kwa nani? Mama yake yuko wapi?”

Zena alikuwa amesimama kwenye nguzo ya ukumbi, amerefuka, meno mapya yameota. Nikamwita. Akaja mpaka mbele yangu, kwa adabu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umesikia nilivyosema kuhusu mama yako?”

“Nimesikia.”

“Basi ujue mama yako alikuwa mkweli.”

“Mimi nilijua,” akasema. “Nilikuwa ndani siku ile ulipomwambia.”

Bakari akainua kichwa. “Mbona hukutuambia?”

“Mama alinikataza.”

Kisha shangazi yake akamwita akatwange, naye akaenda.