Mtega Fuko wa Gatwekera na Soksi Nyeupe za Caren

Saa moja asubuhi, Okeyo amelala kifudifudi kwenye shamba la sukuma wiki huko Kawangware, mkono umezama shimoni hadi begani. Anatafuta njia ya fuko, yule mnyama wa chini ya ardhi anayemaliza mboga kuanzia mizizini. Akiipata ataiacha wazi, kisha atatega kitanzi cha waya kwenye ufito uliopindwa.

"Fuko hapendi upepo kwake," anasema akijipangusa udongo. "Lazima arudi kuziba. Hapo ndio namngoja."

Nduta, mwenye shamba, humlipa shilingi mia mbili akionyeshwa mkia. Mwili ni wa mtegaji. Na mwili huo ndio uliokaribia kumvunjia Okeyo ndoa.

Alikuwa akiibeba mizoga kwenye gunia hadi chumbani kwake Gatwekera, ili jirani akitoka kazini apate cha kuwapa mbwa wake. Gunia likalala nyuma ya mlango. Mwezi Februari, mtoto wake Audrey akaanza kuamka na vipele vya kuumwa na viroboto miguuni. Mkewe, Caren, akalaumu godoro. Wakalitupa. Wakamwaga mafuta taa sakafuni, viroboto wakabaki. Mwishowe Caren akafunga nguo, akambeba mtoto, akaenda kwa dadake mtaani Olympic.

"Aliniambia, 'Baba Audrey, baki na wadudu wako,'" Okeyo anakumbuka. "Niliumia sana."

Aliyemfungua macho ni Wanja, bintiye Nduta, anayesomea mambo ya wanyama chuoni. Alikuwa akichana manyoya ya fuko waliokufa juu ya beseni jeupe. Fuko wa bondeni, kwenye udongo mzito wenye maji, alidondosha kiroboto mmoja. Wa huku juu, kwenye udongo laini, alifanya beseni lionekane limemwagiwa majani ya chai.

"Kule chini maji yanaingia hadi kwa kiota, mayai ya viroboto yanaharibika," Wanja anaeleza. "Huku juu kiota hakilowi, wanazaana tu. Hata mimi nilishtuka."

Mwandishi wa makala haya amejikuna mara kadhaa akisikiliza.

Okeyo alikumbuka kwamba ni Februari alipohamishia mitego huku juu. Wanja akamwambia pia kwamba mwili ukipoa, kiroboto huuhama akatafuta damu yenye joto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; cha Okeyo kilikuwa kwenye gunia.

Siku hizi humtumbukiza fuko kwenye ndoo ya maji ya sabuni, humkata mkia, kisha humzika papo hapo. Nduta amempa ufunguo wa stoo, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kwenda nyumbani.

"Mathe hakunicheka, na hakunifuta kazi," Okeyo anasema kumhusu Nduta. "Yeye na Wanja, Mungu awabariki. Wamenirudishia watu wangu."

Jumamosi iliyopita Caren alikuja chumbani amevaa soksi nyeupe, maana juu ya nyeupe kiroboto hana pa kujificha. Akatembea kila pembe, akaketi kitandani, akainua mguu akautazama kwa makini. Okeyo alisimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Ni vumbi tu," Caren akasema. "Tafuta godoro, nilete mtoto."

Godoro limepatikana. Jioni hii, akishafunga stoo ya Nduta, Okeyo ataenda Olympic kuwachukua.

"Nimeshamshukuru Mungu kwa mengi," anasema, akikunja waya wake. "Lakini kwa vumbi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza."