Siku Kanisa la Kisaju Lilipokosa Chaji

Kuna Jumapili moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mama watoto ananiuliza kama uzee umeanzia kichwani.

Ilikuwa huko Kisaju, simu za mkononi zimeshaingia lakini stima bado ni ya wachache. Bei ya stima nayo haikutulia. Kila bili ilikuja na bei yake. Abdi mwenye duka, aliyekuwa akituchajia simu, akapandisha malipo hadi watu wakawa wanazima simu mchana kutwa. Kanisa letu likachoshwa na bili hizo, likanunua sola. Wazee wa kanisa, kwa roho safi, wakaweka meza nyuma karibu na mlango: anayekuja ibadani achaji simu bure.

Mimi nilikuwa kijana wa kiwandani Athi River, na siku hizohizo nikapewa zamu ya kuhubiri. Mwanangu, watu walijaa! Nilihubiri saa nzima na hakuna aliyelalamika. Nikitaka kufunga, mzee mmoja mwenye ng'ombe alienda kule nyuma mezani, akachungulia simu yake, akarudi kuketi. "Endelea, mhubiri," akasema. "Bado kidogo." Nami nikadhani ni Roho.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mungu anisamehe kutaja tembo kwenye habari za kanisa. Kichwa kilivimba. Nikamwendea Koko Nasieku, nyanya tuliyemheshimu kuliko wazee wote wa kanisa.

"Koko, mimi naacha kazi. Nimeitwa kuhubiri."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na mshahara ule ndio uliokuwa unga wetu.

"Enkerai ai, mtoto wangu," akasema, "wewe ngoja mvua kwanza."

Nilikasirika. Mvua na wito wapi na wapi? Lakini mke wangu alisema Koko hapingwi, nikangoja shingo upande.

Mvua ikaja. Wiki nzima hatukuona jua. Jumapili kanisa likajaa kama kawaida, hadi shemasi aliposimama kutoa matangazo: "Wapendwa, betri zimeisha moto. Leo hakuna chaji."

Yule mzee wa ng'ombe akajifunga shuka, akachukua fimbo yake. "Basi mhubiri, Mungu akubariki sana," akaniambia kwa heshima zote, akatoka. Benchi lake likamfuata, kisha la nyuma yake. Nilipofungua Biblia walikuwa wamebaki shemasi, mke wangu, mtoto aliyelala, na Koko. Niliona aibu, mwanangu, machozi yakanilengalenga.

Koko akasogea benchi la mbele, akaketi.

"Sasa hubiri," akasema. "Sisi hatuna simu."

Nikahubiri. Na Jumatatu alfajiri nikaenda kiwandani.

Basi sikia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wakijaa mlangoni pako, kabla hujajisifu, uliza wamefuata nini. Wala hawakufanya kosa kufuata chaji. Simu zilikuwa zimezima kweli, na kanisa linalosaidia watu ni kanisa. Aliyejidanganya ni mimi. Na wakiondoka usiwachukie, geukia waliobaki uwape kilekile ulichowaandalia wengi.

Nenda, mwanangu. Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, na akupe mtu wa kukwambia ukweli mapema, kabla hujaacha kazi.