Mwenyekiti Juu ya Mlima Mwingine

Mume wangu alistaafu akiwa na ofisi, dereva, na watu wa kumwambia "ndiyo mzee" tangu asubuhi mpaka jioni. Akarudi nyumbani kwetu Unyambwa, akanikuta mimi.

Siku za mwanzo alijaribu kuniongoza. Alipanga upya vyombo vya jikoni, akaitisha kikao na dada wa kazi kuhusu matumizi ya mkaa, kisha akaja dukani kwangu mjini, ninakouza vitenge, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuwaeleza wateja hao hao kwamba bei zangu hazina utaratibu. Nilimpigia simu wifi yangu, nikamwomba amtafutie kaka yake kitu cha kuongoza, chochote, mradi kiwe nje ya nyumba.

Kilichopatikana ni milima. Daktari alikuwa amemwambia apunguze chumvi na awe anatembea. Chumvi aliiacha pale pale ilipokuwa, mezani. Kutembea ndiko alikokugeuza kuwa taasisi. Akaanzisha kikundi cha wapanda milima, akawa mwenyekiti bila kupingwa, zikachapishwa fulana za rangi ya chungwa. Yeye mwenyewe akaagiza kutoka Arusha viatu vyenye kamba nyekundu, kofia yenye pazia la kufunika shingo, na fimbo mbili za kutembelea za aluminiamu. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akienda sokoni kwa miguu, na soko tunaliona tukisimama barabarani mbele ya nyumba.

Mimi niliingizwa kwenye kikundi bila kuulizwa. Kwetu ni watu wa biashara. Babu yangu alifika Singida na mizigo yake, na kila alipoukuta mlima aliuzunguka. Lakini mwenyekiti alisema haitapendeza watu wakiona mke wake hayupo, nami nikaona heri niende kuliko kusikia habari hiyo wiki nzima.

Mtu pekee katika kikundi ambaye hakumwogopa ni mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, mama mrefu, mkavu, aliyekuwa amefundisha sekondari muda mrefu kiasi kwamba nusu ya wenzetu walishawahi kuonja fimbo yake. Walikuwa wafanyakazi wa maofisini sasa, wengine na vitambi, lakini alipowatazama walificha simu mifukoni. Yeye na mume wangu walikuwa na adabu sana wakiongea. Alimwita "Mheshimiwa Mwenyekiti" kwa sauti ile ile ambayo nadhani alimwitia mwanafunzi aliyechelewa.

Safari yenyewe ilikuwa ya msitu wa hifadhi upande wa Mkalama, ambako tulisikia kumefunguliwa njia za kupanda mlima kwa ajili ya watalii. Tukakodi basi dogo. Tulipita mashamba ya alizeti, tukaiacha lami, tukala vumbi mpaka kijiji cha mwisho, na pale mwenyekiti wa kitongoji akatupokea kwa hotuba. Alisema kijiji kimefurahi kupata utalii. Akauliza kama tunataka kijana wa kutuonyesha njia.

"Hakuna haja," mume wangu akasema, akainua simu. "Njia zote zimo humu."

Mwalimu naye akakataa, kwa sababu yake mwenyewe. "Nchi inasomeka," alisema. "Mtu akiwa na macho."

Tukaingia msituni. Mume wangu alitangulia, fimbo zake zikigonga mawe, ka, ka, ka. Kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi ya kushika fimbo, hotipoti ya chapati na kuku wa kukaanga niliibeba mimi, nimeifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Kwa mwendo huo tulifika mahali njia inapogawanyika. Palikuwa na kibao cha wageni, au tuseme palikuwa nacho zamani. Mchwa walikula nguzo, kibao kikaanguka chali kwenye majani, na mshale wake ukawa unatuelekeza mbinguni.

Mume wangu akatazama simu. "Kushoto," akasema.

Mwalimu akatazama jua, akatazama miteremko. "Kulia," akasema.

Wakaanza kuelezana kwa heshima. Ilikuwa heshima ya kutisha. Mume wangu alisema teknolojia haina upendeleo. Mwalimu alisema hata ujinga hauna. Mume wangu akakumbusha kwamba kikundi kina uongozi. Mwalimu akasema uongozi ni jambo jema, ila mlima haukupiga kura. Hapo mume wangu akanyanyua fimbo moja na kuinyoosha kushoto.

"Wanaofuata katiba, twende," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Watu wachache wakamfuata, wengi wao wale ambao barua zao za maombi bado zilikuwa kwenye meza za marafiki zake ofisini, zikisubiri saini. Waliowahi kuchapwa wakaenda kulia, wameinamisha vichwa. Nikabaki mimi na hotipoti yangu. Njia ya kushoto ilikuwa mawe matupu, inapanda wima kama ukuta. Ya kulia ilizunguka taratibu chini ya miti. Sikumsaliti mtu. Nilitazama mawe, nikatazama malapa yangu, nikaenda kulia.

Tulipanda tukipumzika kila mwalimu aliporuhusu. Nilichoka kwelikweli, jasho likaniingia machoni, na magoti yakawa yanalia kila nilipoinua mguu. Tulipotokeza juu kulikuwa na mwamba mpana na upepo mzuri, na chini bonde limetanda mpaka macho yanachoka. Nikajikuta nacheka peke yangu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba huko juu ni kuzuri. Walikuwa wakinieleza habari za presha na mafuta mwilini tu.

Nilikuwa nimeshaifungua hotipoti simu ya mwalimu ilipoita. Akaiweka sauti ya wote kusikia.

"Mwalimu, poleni," mume wangu alisema, akihema. "Mmekwama wapi? Sisi tumeshafika kileleni."

"Hata sisi tumefika, Mheshimiwa."

"Mmefika wapi? Kilele tunacho sisi huku."

Mwalimu akasimama, akakinga macho kwa mkono. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kilima kingine, kirefu kama chetu, na juu yake vitu vidogo vya rangi ya chungwa vikitembeatembea kama wadudu kwenye mkate.

"Tazama mbele yako," akasema. "Unawaona watu?"

"Nawaona."

"Ndio sisi. Mmepanda mlima usio wenyewe."

"Usio wenyewe ni huo wenu. Simu inanionyesha hapa hapa nilipo."

"Simu itakuonyesha hapo ulipo popote utakapokwenda. Ulipaswa kuiuliza mlima uko wapi."

Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani akakohoa ili asicheke. Mume wangu akasema suala hilo litajadiliwa kwenye kikao, kwa sasa wanachama wake wanahitaji kula. Tukamsikia akigeuza shingo na kuita, "Mama, lete chakula." Upepo ukavuma kwenye simu. Akaita tena. Halafu akarudi, na sauti imeshuka.

"Mwalimu, samahani. Mke wangu umemwona?"

"Yuko hapa," mwalimu akajibu, akichagua paja. "Anakula."

Simu ikakatika. Nilijisikia vibaya kidogo, nikaongeza chapati.

Chini, kwenye gari, makundi mawili yalimzunguka yule mwenyekiti wa kitongoji yakimtaka aseme mlima wa watalii ni upi. Alitazama upande huu akaona watu wengi, akatazama upande ule akaona mume wangu na fimbo zake. Alikuwa mtu aliyezoea kampeni. Akasema milima yote miwili ni mali ya kijiji, na wageni wote wamepanda vizuri. Wakamwuliza tena. Akasema anaweza kuagiza kibao cha pili.

Njia nzima mume wangu alikaa kiti cha mbele na dereva. Nyumbani nilimletea beseni la maji ya chumvi, maana vile viatu vya Arusha vilikuwa vimemtoa malengelenge pande zote. Aliingiza miguu polepole.

"Nilidhani uko nyuma yangu," akasema.

"Nilikuwepo. Mpaka pale kwenye kibao."

"Ungesema."

"Ungegeuka."

Alitazama maji. Niliona kwamba kinachomuuma si njaa wala mlima, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu nilimhurumia bila kutaka kucheka. Lakini samahani hakusema, nami sikumwomba. Niliongeza maji ya moto.

Kikundi kilivunjika wiki ile ile. Siku hizi viko viwili, kila kimoja na fulana zake na dai lake kwamba ndicho cha asili. Changu anakiongoza mwalimu, na hatuna katiba. Tuna kufika kwa wakati. Tumeshapanda mwamba hata huko Iramba, na malapa nimeyaacha, nimenunua raba za mtumba. Mume wangu bado ni mwenyekiti. Wanachama wamepungua sana, hasa baada ya wale rafiki zake wa ofisini nao kustaafu. Jumamosi asubuhi tunaamka pamoja, tunakunywa chai pamoja, kisha kila mtu anafunga chakula chake. Mara ya kwanza alichoma chapati zikawa nyeusi. Sasa anajitahidi, ila bado anaziwekea chumvi nyingi.