Vitufe Visivyo na Ukingo

Saa mbili asubuhi, karani wa kumbukumbu anavuta kiti mbele mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Wenzake humwita Bi Plasta. Mpaka mwezi uliopita kioo hicho kilikuwa na vipande vya plasta ya vidonda, kila kimoja pale alipozoea kubonyeza.

Ana miaka ishirini na mitatu katika ofisi hii ya hospitali. Kompyuta ya kwanza, anasimulia, ilikuwa na vitufe vya kijivu kwenye kioo, vilivyotuna, vyenye kivuli kwa chini. Ukibonyeza kimoja unakiona kinazama. Vikafuata vinavyong'aa kama peremende. Sasa vyote vimelazwa bapa: maneno ya kijivu juu ya weupe, hujui lipi la kusoma na lipi la kubonyeza.

"Vile vya zamani ningeviona hata kwa jicho moja," anasema. "Na jicho moja ndilo nililobaki nalo."

Hilo hakumwambia mtu. Jicho la kushoto lilimzimikia miaka mitatu iliyopita, akapiga kimya, maana nyumbani watu wanne wanamtegemea yeye. Plasta zikamtunzia siri.

Mwezi uliopita sura ya mtambo wa kumbukumbu kwenye kompyuta ikabadilishwa tena bila taarifa. Neno "Ameruhusiwa" lilihamishwa, na pale penye plasta likakaa "Amefariki". Bi Plasta akabonyeza kwa mazoea. Mgonjwa mwenyewe, fundi baiskeli, alikuwa wodini akikunja nguo zake arudi nyumbani. Mkewe akapokea kwenye simu ujumbe wa msiba uliotumwa na mtambo wenyewe.

Fundi alifika kwake akakuta majirani wanalia. Mkewe alikuwa ameshakimbizwa hospitali. Presha ilimpanda, upande mmoja wa mwili ukapooza. Bado amelazwa.

"Fundi alikuja hapa dirishani, nikajua leo nitatukanwa," anasema Bi Plasta. "Akaniuliza tu, 'Dada, hukuona?' Nikamwambia ni mtambo."

Jibu hilo linamtafuna kuliko kosa lenyewe. Inauma kumsikiliza.

Jumatatu kuna kikao cha wakubwa. Amepanga kulitaja jicho lake, akijua huenda akarudi nyumbani bila kazi. Ataomba vitufe virudishiwe ukingo. Na kama atakuwa bado ameachiwa kiti hiki siku mke wa fundi atakaporuhusiwa, anataka fundi asimame nyuma yake.

"Anisomee neno kwanza," anasema. "Ndipo nibonyeze."