Siku Nilipomaliza Mechi Ndani ya Gari la Maiti

Nilikuwa nahodha wa timu yetu ya Ukunda kwa misimu mingi kuliko mtu yeyote, na sisemi kwa kujisifu, ulizeni. Darasa la sita sikulimaliza. Nilianza kwa kuchonga mawe ya kujengea kule machimboni, nikatoka na mabega haya, na kwa mabega haya nikawa beki ambaye washambuliaji wa pwani nzima walimtafuta kwa macho kabla ya kulitafuta goli. Mimi nililipwa kucheza mpira. Wenzangu waliosoma walilipa kiingilio kunitazama. Leo nina duka la vipuri vya tuktuk, langu mwenyewe. Lakini mteja akiingia, hata hajasema anataka nini, anautazama huu mguu ninaouburura, anaanza kucheka. "Kapteni, hebu ile ya gari la maiti."

Yote niliyoyafanya, watu wamebaki na hiyo. Basi naiandika mara moja, nipumzike.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, tena nyumbani. Tukipata sare tunabaki katika daraja letu. Tukifungwa tunashuka, na timu ndogo ikishuka huku kwetu hairudi. Mfadhili hapokei simu, vijana wanarudi kwenye bodaboda na mageti ya hoteli, kiwanja wanakichukua mbuzi. Nilikuwa nimeshaona timu mbili zikifa namna hiyo. Hii ya kwangu nilikuwa nimeapa haitafia mikononi mwangu.

Sasa, kanuni ya ligi inasema hivi: bila ambulensi kiwanjani hakuna mechi, na mwenyeji ndiye anayehesabiwa amefungwa. Ni kanuni nzuri, siipingi. Mwenyekiti wetu, muuza saruji mwenye simu mbili, aliijua vizuri, maana kila wiki nilimkumbusha. Siku ile saa nane mchana nikampigia.

"Mwenyekiti, ambulensi iko wapi?"

"Iko njiani, kapteni."

"Njia gani?"

"Wewe vaa viatu."

Kumbe ambulensi tuliyoahidiwa ilikuwa imekwenda kwenye mkutano wa mheshimiwa fulani, ambako hakikuugua kitu ila masikio. Saa ya mechi ikafika. Refa akawa anaangalia mkono wake, na wageni wetu kutoka Mombasa wakaanza kupongezana bila kutoa jasho. Ndipo kwenye ile kona ya mashine ya kusaga likatokea gari jeupe, linakuja taratibu, ubavuni limeandikwa jina la msikiti kwa rangi ya kijani.

Mwenyekiti alikuwa ametuletea gari la maiti.

Dereva alikuwa mzee wa kutoka Mkongani, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Nikaenda dirishani kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu."

"Basi mmeniitia nini?"

Kabla sijamjibu, nahodha wa wageni alikuwa ameshafika. "Refa, hii si ambulensi. Hii ni gari ya maiti."

Refa, kijana wa bara, akalizunguka lile gari, akafungua mlango wa nyuma. Ndani mna jeneza la chuma, lile la kubebea, na sanduku la dawa ambalo mwenyekiti alikuwa amelitupia humo dakika ile ile.

"Mzee, hii ni machela?"

"Ni jeneza."

"Inabeba mtu?"

"Inabeba."

"Akiwa amelala?"

"Wangu wote hulala."

Refa akafunga mlango. "Tutacheza. Mwenye malalamiko atalalamika baadaye."

Nikadhani tumepona. Sikujua kwamba taabu yangu itakuwa na watu wangu wenyewe. Gari liliegeshwa upande wa kulia, karibu na kibendera cha kona, na winga wetu wa kulia akakataa kabisa kupita upande huo. Akipewa mpira, anaupeleka katikati. Namwambia panua, ananionyesha gari kwa kidevu. Nikamfuata. "Sikiliza, ukiendelea kulikimbia lile gari nitakutia ndani yake." Haikusaidia. Na wageni nao, waliojidai watu wa mjini, hakuna aliyesogea kule. Watu wazima ishirini na wawili wamejibana nusu ya kiwanja kama wanagombea kivuli. Nimecheza kwenye matope, nimecheza mchana wa Ramadhani koo kavu, lakini upuuzi kama ule sijauona.

Kipindi cha pili, bado bila kwa bila, mshambuliaji wao akanivamia kutoka nyuma. Nilisikia mlio kama mtu aliyevunja kijiti cha muhogo. Kutazama mguu, wayo umeelekea ambako haukupaswa kuelekea.

Vijana wangu wakalileta jeneza, kisha wakasimama. Hakuna anayetaka kunilaza.

"Nyanyueni," nikawaambia. "Haliumi."

Wakaniingiza garini, mzee akawasha injini. Refa akaja dirishani. "Gari ikitoka, nasimamisha mechi. Ambulensi haipo, mechi haipo."

Nahodha wa wageni akamsogelea dereva, uso umejaa imani. "Mzee, mpeleke haraka. Jamaa anaumia." Msimu mzima hakuwahi kuniulizia hali.

"Ami," nikasema, "zima gari. Fungua mlango wa nyuma, unigeuze nitazame kiwanja."

"Mwanangu, huo mguu..."

"Mguu ni wangu. Zima."

Basi dakika zote zilizobaki niliiongoza timu nikiwa kwenye jeneza. Nashika chuma kwa mikono miwili, jasho linanitoka, napiga kelele: rudi, panga, mtazame huyo wa nyuma yako. Mwishoni kabisa winga wao alipitishiwa mpira upande wa gari, peke yake, hana mtu mbele ila kipa. Nikamwita kutoka mle ndani kwa sauti yangu yote: "Njoo, pita hapa." Kijana wa watu kusikia sauti inatoka kwenye gari la maiti, akaupiga mpira nje mwenyewe. Kipenga kikalia. Sare.

Nahodha wao hakunipa hata mkono. "Tunakata rufaa. Hiyo si ambulensi na haitakuwa."

Rafiki yangu mmoja alikuwa na Probox yake pale, imeshawashwa. "Kapteni, twende, dakika chache tuko Msambweni kwa daktari wa mifupa." Nikakataa. Gari lile likinifikisha hospitali nikiwa hai, ni ambulensi. Nikipanda Probox, ni gari la maiti, na tumeshuka daraja. Nilikuwa na akili hiyo huku mfupa umevunjika. Aliyemaliza chuo angeifikiria?

Ila sikumhesabu dereva.

"Ami, kanyaga mafuta."

"Gari hili halijapata kukimbia, mwanangu. Ninaowabeba hawana haraka."

"Mimi ninayo."

"Wewe ndiye wa kwanza."

Pale stendi ya Ukunda watu walisimama kwa heshima. Wenye tuktuk wakazima muziki. Mmoja akachungulia kioo cha nyuma, akanipiga picha nimefumba macho kwa maumivu, na kwa hasira pia, akaituma kwenye kikundi cha mtaa. Hatujafika Gazi, simu yangu ikaanza kulia.

"Halo? Nani anashika simu ya marehemu?"

"Marehemu mwenyewe."

Akakata. Wakapiga wengine. Ninayempigia mimi, mke wangu, hashiki.

Tulipoingia hospitalini, yule mzee, kwa mazoea yake ya miaka, akapita mlango wa majeruhi, akanyoosha hadi mochari, akageuza gari kwa ustadi na kurudi kinyumenyume. Mhudumu akafungua mlango. "Mwili uko wapi?"

"Mwili ni mimi," nikasema.

Nyuma yake alikuwa amesimama mke wangu. Alikuwa ameiona ile picha, akapanda bodaboda kutoka nyumbani, akatupita njiani bila kujua, tulivyokuwa tunatambaa. Mkononi ana leso aliyokuwa akijifutia machozi. Alinitazama, akalitazama gari, akaniuliza, "Ulikuwa hai tangu saa ngapi?" Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji, akalia upya.

Daktari alisema mfupa umechelewa. Sikucheza tena.

Wageni walikata rufaa kweli, na kijana wa mji ana maneno: wakadai gari lilikwenda mochari, kwa hiyo sisi wenyewe tumethibitisha kuwa ni la maiti. Kamati ya ligi ikataka shahidi. Aliyeniona nikishuka, ukimwacha yule mhudumu, ambaye alikimbia maiti ilipomjibu, alikuwa mke wangu, ambaye wiki hizo alikuwa akinipa chakula bila kuniangalia. Sikumwomba, nilijua angekataa. Alikwenda mwenyewe, kavaa buibui lake jipya, wakamuuliza gari lile lilibeba nini.

Akawaambia, "Mimi nilikwenda kuchukua maiti. Nikapewa mume."

Tulibaki katika daraja. Timu iko mpaka leo, na kila mechi ya nyumbani nahodha mpya hupita dukani kwangu amekunja uso, simu sikioni, namsikia mwenyekiti akimwambia iko njiani.